Mashimo na Upepo

Wanadamu wana desturi ya kuhukumu ardhi kama wanavyohukumiana wenyewe: huitukuza inapotoa, na huisahau inapokwisha kutoa. Jiwe hutoka likawa nyumba, mchanga ukawa ukuta, makaa yakawa moto. Lakini mahali vilipotoka vitu hivyo hubaki wazi kama kidonda ambacho tabibu wake amekwisha kulipwa akaenda zake.

Mji Mkongwe wa Unguja ni mtoto wa mashimo. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, yakashikwa kwa chokaa iliyochomwa katika matanuri, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Mwaka 2000 mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Milango yake ina wasifu wengi. Mashimo yaliyouzaa hayana hata mmoja. Wala uchimbaji haukukoma kwa wahenga. Watu wameongezeka, na nyumba zimeongezeka pamoja nao. Mchanga umechimbwa Donge na Pangatupu, kaskazini ya kisiwa, na palipokuwa na mazao pakawa na mabonde yanayotuama maji wakati wa masika. Mjenzi hupata nyumba. Mkulima hurithi shimo.

Unguja haina machimbo ya makaa ya mawe, lakini makaa iliyajua. Katika karne ya 19 meli za moshi zilitia nanga bandarini kuyapakia, nayo yaliletwa kutoka ng'ambo. Tangu hapo upepo ulianza kudharauliwa. Kaskazi, iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi, iliyoyarudisha kwao, zilionekana kuwa nguvu za watu wenye subira nyingi na haraka chache. Hata hivyo pepo hizo hazikuhama. Mgeni ndiye aliyethaminiwa, na mwenyeji akaachwa apite bure juu ya mapaa.

Bei ya dharau hiyo ilijulikana baadaye. Tangu mwaka 1980 umeme wa Unguja umekuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara hadi Fumba. Waya ulipopatwa na hitilafu mwezi Mei 2008, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mmoja; na kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010 kilikaa miezi mitatu. Pampu zilinyamaza, na ndoo zikarudi vichwani mwa wanawake. Aliyekuwa na fedha alinunua jenereta. Asiyekuwa nazo alinunua mafuta ya taa. Mwaka 2013 waya mwingine, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa. Uliongeza nguvu, lakini haukuondoa utegemezi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, hata kama ndugu ni mwema.

Huko Klettwitz, mashariki ya Ujerumani, ardhi iliyofukuliwa makaa imesimikwa mitambo ya upepo. Mahali palipochafua hewa pamepewa kazi ya kuilinda. Fundisho hilo linaifaa Unguja, ila si la kuigwa kwa macho yaliyofumbwa. Udongo uliorudishwa shimoni hutitia, na mnara mrefu hauvumilii msingi unaotitia. Mwamba wa matumbawe nao una mapango yasiyoonekana juu. Tena kusi huvuma kwa nguvu katika pwani ya mashariki, penye Paje na Jambiani, na mashimo hayakuchimbwa kwa kufuata upepo. Wakati wa tangambili, upepo wenyewe hulegea. Kwa hiyo kipimo kitangulie mnara, na palipo na upepo hafifu jua lipewe kazi, maana shimo halihitaji kivuli.

Swali zito zaidi ni la haki. Shimo lililochimbwa katika konde la maskini likigeuzwa chemchemi ya umeme wa hoteli, kidonda kitakuwa kimefunikwa kwa hariri bila ya kutibiwa. Kijiji kilichotoa mchanga wake kijenge mji kina haki ya taa ya kwanza, pampu ya kwanza na sehemu ya mapato. Hapo ndipo ardhi itakapokuwa imelipwa. Upepo hauna bwana wala hauombi ujira. Anayeudai ujira ni yule aliyebaki ukingoni mwa shimo, akitazama mahali palipokuwa shamba lake.