Nyegezi: mzee, mama na kamera ya kustaafia

Ukishuka Nyegezi Kona asubuhi mapema, msomaji wangu, usikimbilie bodaboda. Tembea. Mawe makubwa ya Usukumani yamebebana juu ya nyumba za watu utadhani yatadondoka leo hii hii, upepo wa ziwa unakuletea harufu ya dagaa, na wanafunzi wa SAUT wanapishana nawe wakielekea Malimbe. Nami nilisoma pale, kwa hiyo mnisamehe nikipasifia kupita kiasi. Wazee bado wanakiita Nyegezi Social, kwani kilianza mwaka 1960 kama chuo cha mafunzo ya jamii, kabla hakijawa chuo kikuu mwaka 1998.

Lakini safari hii sikwenda kutembea. Nilikwenda kusuluhisha!

Baba alistaafu mwaka jana alipotimiza miaka 60. Maisha yake yote ni mtu wa uvuvi, wa kuondoka alfajiri na kurudi jioni. Ghafla yuko sebuleni kutwa nzima, anauliza mboga imetiwa chumvi kiasi gani, anapanga upya vyombo vya mama kabatini. Mama akavumilia miezi mitatu. Wa nne akanipigia: "Mwanangu, nakuja kukaa kwako Dar kidogo." Kidogo kiasi gani, mama? "Mpaka nitakapochoka." Jamani, ndoa ya miaka 34!

Kilichowasha moto ni kamera. Mkupuo wa mstaafu si ule waliopata wenzake wa zamani. Mwaka 2022 ulishushwa hadi asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikaurudisha hadi 40 kwa watu wa kundi lake. Mama alishazipangia hela hizo kazi: simtanki na banda la kuku. Mzee anatangaza kwamba anataka kamera ya dijitali, yenye bei inayozidi milioni moja. "Si ana simu?" mama aliniuliza. Na mimi, nakiri, nilikuwa upande wa mama.

Mwenzangu yeye alifurahi ile mbaya. Usiku huo huo akaanza kupekua. Canon SX70, inayovuta mara 65 na ina kitundu cha kuchungulia jua likiwa kali. Au Nikon P1000, inayovuta mara 125, ingawa ina karibu kilo moja na nusu, na mikono ya mzee si ya kijana tena. Ndege wa ziwani, alisema, baba atawapiga mpaka wachoke wenyewe. Sote tukakubaliana kwamba shida ya baba ni ndege. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Jumapili akatuchukua mwaloni. Mitumbwi ilikuwa inaingia, wanunuzi wanagombania sato, na baba akapita kote huko bila kugeuka, akainamia maji machafu yaliyotuama ndani ya mtumbwi. Akatoka na kisamaki cha urefu wa kidole, chenye ubavu wa buluu na wekundu mkiani. "Furu," akasema.

Hapo ndipo niliposikia hadithi ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani. Ziwa Victoria lilikuwa na furu wa aina 500 hivi kwa makadirio ya wanasayansi, karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Sangara akapandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amefumuka kwenye Ghuba ya Mwanza, na watafiti wa Leiden, Uholanzi, walioanza kazi hapa mwaka 1977, walishuhudia aina baada ya aina ikikosekana nyavuni. Wengine walianza kuonekana tena miaka ya 1990. Wengi hawajarudi. Baba ana madaftari yenye tarehe na majina ya aliowaona, bila picha hata moja.

"Tazama, tazama, inaondoka," akasema. Kweli, buluu ilikuwa inafifia mkononi mwake kadiri samaki alivyokuwa anakufa. Nikatoa simu yangu ya bei mbaya. Ikanasa vidole vya baba vizuri sana, samaki akatoka ukungu.

Basi wewe unayemtafutia mzazi kamera, usianze na dukani. Mzee wetu alihitaji kusogea karibu, tena kwa mikono iliyolowa. Tukaishia kwenye Olympus Tough TG-6, toleo la 2019. Inaona kitu kilicho sentimita moja tu mbele ya lenzi, inazama mita 15, na ina uzito wa robo kilo. Mdogo wake, TG-7 ya 2023, anauzwa kwa jina la OM System, maana Olympus ilishauza biashara yake ya kamera. Inavuta mara nne tu (mwenzangu alinuna) na haina kitundu cha kuchungulia. Shemeji aliyeko Dubai akatupatia iliyotumika, na chenji ikatosha simtanki. Banda, hapana. Angalizo moja: kabla ya kufunga kimlango cha betri, futa ule mpira wake. Chembe moja ya mchanga ikibaki, maji yanaingia.

Mkienda Nyegezi wawili, ongezeni siku moja ya kisiwa cha Saanane, au mpite Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Ila mwaloni nendeni kabla jua halijapanda.

Mimi nilirudi mwezi uliopita. Mama hajaja Dar. Mzee alikuwa amechukua bakuli lake la kioo, la zawadi ya harusi, bila ruhusa, ili furu wapigwe picha wakiwa bado majini na rangi yao. Mama alitoka nyumbani amefura kwenda kulidai. Nilipomfuata nilimkuta amesimama kwenye matope, khanga imepandishwa magotini, mwavuli ameushikilia juu ya kamera ili mzee aone kwenye kioo.

"Harakisha, mzee," alikuwa anasema. "Huyu anakwisha. Na banda langu sijalisahau."