Kelele Mlangoni: Asili ya Neno "Flagitious"

Miongoni mwa vivumishi vya Kiingereza vinavyotaja uovu, "flagitious" ni kimojawapo cha vile visivyosikika sana. Kiliingia katika lugha hiyo mwishoni mwa karne ya 14, na aghalabu hufasiriwa kama "-ovu mno". Fasiri hiyo si potofu, ila inaficha jambo ambalo mhakiki hana budi kulizingatia.

Chimbuko lake ni nomino ya Kilatini "flagitium", yaani tendo la aibu, ambayo huhusishwa na kitenzi "flagitare": kudai kwa kelele na bila kukoma. Sheria za Kirumi za Majedwali Kumi na Mawili, za mnamo 450 K.K., zilimruhusu aliyenyimwa ushahidi kwenda kupiga kelele mlangoni pa aliyemnyima. Baadaye, katika shairi lake la 42, Catullus anayatuma mashairi yenyewe yamzingire mwanamke aliyezuia vibao vyake vya kuandikia. Makelele yanaposhindwa, mshairi anageuza ulimi na kumsifu mwanamke huyo kwa staha.

Kwa hiyo, katika asili yake, neno hili halipimi uovu kwa madhara yake bali kwa mayowe yanayouandama. Mfasiri anayeandika "-ovu" huubakiza uovu na kuufukuza umati. Yamkini "-a fedheha" ingefaa zaidi, kwa kuwa mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kufichua. Hata hivyo, fedheha ni ya macho, ilhali "flagitium" ni ya masikio. Kitenzi "kuzomea" kinairudisha sauti, lakini anayezomea hukejeli tu. Hadai kurudishiwa chochote.

Mnamo 1711, katika An Essay on Criticism, Alexander Pope aliueleza wakati wake kwa kivumishi hiki, alipowashauri wahakiki waelekeze ghadhabu zao kwenye maovu makubwa zaidi. Ushauri huo una uzito hadi leo. Umati hupigia kelele kile ulichokigundua. Dhuluma iliyotendwa kimyakimya haina wa kuiandama. Mhakiki anayemwita mwandishi kwa neno hili amekwisha kujiunga na wanaopiga kelele mlangoni. Yampasa basi ajue kwanza ni deni gani linalodaiwa, na ni nani anayelidai.