Cheti cha miradi bila uzoefu: kijana mhami aanzie wapi?

Vijana wengi wenye kumaliza masomo hapa Obokote, wenyeji pamoja na wahami wa vita, wanabeba swali moja: mtu mwenye cheti cha kusimamia miradi, lakini ambaye hajafanya kazi hiyo hata siku moja, anaweza kweli kupata nafasi katika shirika?

Mmoja kati yao ni msichana aliyekimbia kutoka upande wa Walikale mwezi wa tatu mwaka 2025, wakati waasi wa M23 walipoingia katika mji ule. Ana diploma ya serikali. Kabla ya kukimbia alikuwa amefuata kwa simu masomo ya usimamizi wa miradi kwa Kifaransa, yale yaliyoanzishwa mwaka 2013 na mwalimu Rémi Bachelet wa chuo cha Centrale Lille, Ufaransa. Alinunua megabaiti kidogo kidogo, akafanya mitihani usiku, akapata cheti. Siku ya kukimbia alikibeba ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya uchaguzi.

Tangu hapo ameandika barua nyingi za kuomba kazi. Karibu kila tangazo linaomba uzoefu wa miaka 2, 3 au 5. Hakuna aliyemwambia kwamba cheti chake ni kibaya. Hakuna aliyemjibu, basi.

Ni vizuri vijana wajue kwamba vyeti havilingani. Cheti cha PMP, kinachotolewa na taasisi ya PMI ya Marekani, hakipatikani bila uzoefu: mwenye diploma ya sekondari anapaswa kuonyesha miezi 60 ya kuongoza miradi, na mwenye digrii ya miaka 4 miezi 36. Cheti cha CAPM cha taasisi hiyo hiyo hakiombi uzoefu, kinaomba saa 23 za masomo. Kuna pia cheti cha PM4NGOs, kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa mashirika, ambacho ngazi yake ya kwanza ni ya wanaoanza. Vyeti vya wanaoanza vinaonyesha kwamba mtu anajua bajeti, kalenda ya kazi na ripoti ni nini. Havionyeshi kama amewahi kushika makuta ya watu na kuyatolea hesabu.

Hapo ndipo hofu ya mwenye kuajiri ilipo. Mradi una tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mfadhili ataomba risiti. Mvua ikikata barabara na saruji isipofika, kuna mtu anayepaswa kuamua siku ile ile. Tena mwaka 2025 nafasi zilipungua sana: Marekani ilisimamisha misaada yake mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu ikatangaza kufuta asilimia 83 ya programu za USAID. Watu waliofanya kazi miaka 10 sasa wanagombania nafasi moja na wanaoanza.

Lakini msichana huyu hakukaa bure mahali alipofikia. Akina mama walianzisha AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku lina kufuli 3, na funguo zinashikwa na watu 3 tofauti. Yeye alichaguliwa kuwa mwandishi: nani ameleta, nani amekopa, nani amechelewa. Baadaye wahami na wenyeji walitengeneza chemchemi kwa salongo. Yeye ndiye aliyegawa siku za kazi, nyumba kwa nyumba, akaandika nani ameleta mawe na nani ametoa jembe. Fundi alipoacha kazi kwa sababu ya chakula, yeye ndiye aliyezunguka kutafuta mihogo ili arudi.

Siku moja mwuguzi mkuu wa kituo cha afya aliangalia daftari lile.

“Binti yangu, kazi hii mbona haiko katika CV yako?”

“Papa, hii ni salongo tu. Hakuna aliyenilipa.”

“Kulipwa ni jambo lingine. Hapa kuna mpango, kuna watu, kuna tarehe, na maji yanatoka. Huu ni mradi.”

Aliandika CV upya. Kwa kila kazi aliweka mistari michache: ilikuwa kazi gani, tangu lini hadi lini, watu wangapi, mali gani, kitu gani kimebaki. Mwuguzi na kiongozi wa wahami walitia sahihi barua ya kushuhudia. Hakuongeza hesabu hata moja, kwa sababu shirika likimpigia shahidi simu, ukweli utajulikana.

Hakupata kazi ya kusimamia mradi. Alipata siku 10 za kukusanya habari nyumba kwa nyumba kwa simu yenye KoboToolbox. Ni kidogo, lakini sasa kuna shirika linalojua jina lake. Wengi walioko juu leo walianzia hapo: mkusanyaji wa habari, reko, msaidizi wa lojistiki, kisha msaidizi wa mradi.

Kuna njia isiyofaa kufuatwa. Yeyote anayeomba makuta ili atoe kazi, au anayedai sehemu ya mshahara, anaiba. Na dada zetu wajue: mwaka 2020 wanawake zaidi ya 50 wa Beni waliwaambia waandishi wa habari kwamba wanaume waliojitambulisha kama wafanyakazi wa misaada wakati wa Ebola waliwadai miili yao ili wapate kazi. Kazi ya namna hiyo si bahati. Ni kosa, na linapaswa kusemwa.

Matangazo ya kweli yanaonekana bure kwenye mediacongo, kwenye ReliefWeb na kwenye mbao za ofisi za mashirika mjini Kindu.

Wakubwa wa vijiji, wa makanisa, wa misikiti na wa komite za wahami nao wana sehemu yao. Kijana akifanya kazi ya watu wote, apewe karatasi yenye tarehe na sahihi. Haigharimu kitu, na inaweza kumfungulia mlango ambao cheti peke yake hakikuufungua.