Riale ya Bibi Haifiki Milioni Mbili

Wasee wa Likoni, kuna meseji inazunguka kwa magrupu: ukiwa na sarafu ya fedha ya 1780 yenye picha ya mwanamke, kuna mtu ananunua kwa milioni mbili. Sisi tunayo. Bibi ameifunga kwa leso pamoja na vikuku vyake, na mjomba ashaanza kuongea na "ajenti" anayetaka elfu tano kwanza, eti ya usajili.

Mjomba, shikamoo, lakini tulia.

Huyo mwanamke ni Maria Theresa, mtawala wa Austria. Alikufa 1780, na tangu hapo kila riale yake inaandikwa 1780. Miaka ya 1930 zilipigwa Roma na London, 1940 hivi zikapigwa Bombay, na Vienna wanazitoa mpaka leo. Sababu? Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu walikuwa washaizoea sura hiyo. Ukiwaletea nyingine wanaikataa.

Kwa hivyo 1780 si umri, ni nembo tu. Uzito wake ni gramu 28, fedha safi kama 23. Mpelekee sonara yeyote akupimie, halafu uniambie milioni mbili zimekaa wapi.

Mimi kinachonimaliza ni jina. Karibu 1520, huko Bohemia (siku hizi ni Czech), kulikuwa na migodi ya fedha kwenye bonde la Joachimsthal. Sarafu zilipigwa kwa nyundo, moja moja: kipande cha fedha katikati ya mihuri miwili, pa! Nyingine zilitoka zimeenda upande. "Thal" ni bonde, sarafu ikaitwa thaler, Waholanzi wakasema daalder, Waingereza dollar, sisi dola. Yaani dola tunazolilia YouTube maana yake ni "ya bondeni". Manze!

Ila kuna upande sipendi kuuruka. Enzi za Seyyid Said pale Unguja, karafuu, pembe za ndovu na watu waliouzwa sokoni, bei zao zilitajwa kwa riale. Na ukiigeuza riale hii ukasoma ukingoni, kuna maneno ya Kilatini: Iustitia et Clementia. Haki na huruma.

Kama kwenu iko moja, iangalie hapo ukingoni uniambie kama maneno bado yanasomeka. Ya Bibi yamelika nusu.