Sindano ya Kila Mwezi

Ukitajiwa Kariokor utakumbuka nyama choma na viondo. Mimi hukumbuka koo la mdogo wangu.

Alikuwa na miaka 11 alipolalamika koo linauma. Tukampa maji ya chumvi asukutue, kama wengi wetu tufanyavyo, kumbe mtoto mwenye koo na homa hupelekwa zahanati. Wiki chache baadaye magoti yakavimba, kisha viwiko. Jirani akasema ni kukua. Daktari alipomwekea chombo kifuani alikaa kimya muda mrefu. Homa ya baridi yabisi ilikuwa imegusa vilango vya moyo.

Tangu hapo ni penisilini kila wiki nne. Inauma, usidanganywe. Alipofika miaka 15 akagoma. "Dada, mimi si mgonjwa tena."

Nilimsimulia utafiti uliofanywa Gulu, Uganda, matokeo yake yakatolewa 2021. Watoto na vijana wapatao 800 walikutwa na dalili za mwanzo mioyoni, wenyewe hawana habari. Nusu walidungwa kila wiki nne, nusu hawakudungwa. Baada ya miaka miwili, hali ilizidi kwa 3 tu kati ya waliodungwa. Kwa wasiodungwa, 33. Na dawa yenyewe ni ya zamani!

"Hao hawakuwa wameugua kama mimi," akasema.

"Ndiyo maana wewe unaihitaji zaidi."

Ijumaa tulikwenda. Alirudi akichechemea, ananidai chipsi.