Nyumba za Lamu zina funzo kwa wafanyao kazi nyumbani

MSAFIRI aendaye Lamu kwa basi huteremkia gati la Mokowe, kisha huvuka kwa mashua. Akitia mguu katika mji wa kale, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2001, hukutana na vichochoro vyembamba, punda na kuta nene za mawe ya matumbawe. Wageni wengi hupiga picha milango ya nakshi wakaenda zao. Lakini mwenye kufanyia kazi nyumbani ana la kujifunza hapo mlangoni.

Mbele ya nyumba ya mawe pana daka, yaani ukumbi mdogo wenye baraza za mawe pande zote mbili. Mgeni wa shughuli hupokewa hapo. Haingii ndani ovyo. Baadhi ya nyumba zina pia sabule, chumba cha wageni chenye ngazi yake itokayo dakani, hivi kwamba mfanyabiashara aliweza kulala na kupatana bei bila kupita penye jamaa. Ndani mna uwanja wa kuleta hewa na mwangaza, halafu vyumba vifuatanavyo, kila kimoja kikiwa na faragha kuliko kilichotangulia.

Watazame pia washonaji wa kofia za vito. Kazi yao hufanywa nyumbani na barazani kwa sindano na uzi, kitundu baada ya kitundu, na kofia moja nzuri yaweza kuchukua wiki nyingi hata miezi. Hakuna msimamizi wa kuwahimiza. Adhana huigawa siku. Ikisikika, sindano huwekwa kando. Anayepoteza mchana kwa porojo haimalizi kofia, na kofia isiyokwisha haiuziki.

Hapo Machi 15, 2020, serikali ilipowataka waajiri wawaache watu wafanyie kazi nyumbani kwa sababu ya korona, meza za chakula mijini ziligeuka ofisi. Mtoto alitaka kusaidiwa hesabu, jirani alibisha kuomba chumvi, na jioni ilifika kazi haijakwisha wala mtoto hajasaidiwa. Kwa alipwaye kwa kazi aliyoimaliza, hasara hiyo ni karo na kodi ya nyumba.

Naam, nyumba ya chumba kimoja haiwezi kuwa na sabule, lakini yaweza kuwa na daka lake: kona moja, kiti kimoja karibu na dirisha, na saa zijulikanazo na wote. Mtoto akikuona hapo ajue uko kazini. Ukiinuka, ajue umerudi nyumbani.

Hili la pili ndilo husahauliwa sana. Daka la Lamu lilimweka mgeni mahali pake ili jamaa wakae kwa raha. Kazi nayo ni mgeni: ipokewe vizuri, ipewe kiti chake, na jioni iagwe.