Watoto wa Kamina na wimbo wa mama yangu



Juma lililopita nilitaka kuwafundisha watoto wangu wa darasa la tano wimbo ambao mama yangu aliuimba tukipalilia maharagwe. Nilikwama kwenye ubeti wa pili. Niliwahi kuurekodi kwenye simu mama angali hai, simu ikaanguka mtoni, na sikuwa nimeandika hata neno moja. Mwalimu mzima, mwenye diploma ya ISP!

Nikakumbuka wale watoto wa Kamina, kule Katanga. Mwaka 1954 padri mmoja Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alikusanya wavulana wapatao 45, wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu kama 15. Kundi likaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. (Nawapenda hasa kwa ajili ya wale walimu, sisi tunasahauliwa upesi.) Waliimba Misa kwa Kilatini lakini kwa mtindo wa nyumbani, sauti na ngoma tu, bila karatasi ya noti. Kyrie yao ilifuata kasala, maombolezo ya Waluba: kilio cha matanga kikaingia kanisani.

Misa hiyo, Missa Luba, iliimbwa Kamina Machi 1958. Mwaka uleule wakasafiri Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na sahani yao ikazunguka dunia. Sanctus yao ilisikika hata katika filamu ya Uingereza ya mwaka 1968.

Lakini sauti ya mvulana haingoji, ikishavunjika basi. Uhuru ukaja 1960, Katanga ikaingia vitani, na kundi halikupata tena nguvu ile. Sahani ndiyo iliyobaki, na mwaka 1990 Wakenya wa Muungano National Choir wakairekodi upya Misa ileile. Mwimbaji kiongozi wa Kamina, mwalimu Joachim Ngoi, anatajwa hadi leo. Wale wavulana, mimi nawajua kwa hesabu tu.

Darasani kwangu wamo watoto waliokimbia vita, wamefika Kalunguta bila hata daftari, lakini wimbo wa mama wanao. Tangu Jumatatu nimefungua kitabu: jina la mtoto, jina la mama, kijiji, maneno yote. Ijumaa baada ya masomo ninabaki shuleni. Njooni na nyimbo zenu. Na ule wa maharagwe, unaoanza kwa kumwamsha mwenye jembe aliyelala, nani ana ubeti wa pili?